Uzi: Miaka tisa nimefanya kazi na madaktari wa plastiki sajari. Sio urembo wakuu, ngoja niwaeleze kinachofanyika kule ndani

#1 Mleta uzi

Habari zenu wanajamvi. Mimi humu huwa nasoma napita, ila juzi nimekuta watu wanabishana kuhusu plastiki sajari, wengi wanasema ni mambo ya wenye hela kunyoosha pua na kuongeza makalio, nikasoma mpaka mwisho moyo ukaniuma kweli, nikasema hili siwezi kuliacha. Mi ni nesi. Mwaka wa tisa huu niko upande wa hawa madaktari, thieta na wodini, na waliokuja kutafuta urembo nikiwahesabu vidole vya mikono vinabaki. Waliobaki wote ni moto, ajali, saratani, vidonda sugu, na watoto waliozaliwa na mdomo sungura. Majina sitaji, hospitali sitaji, na visa nimevibadilisha kidogo ili mgonjwa wa mtu asitambulike.

Tuanze na jina maana ndo linalopoteza watu. Plastiki hapa haina uhusiano na ndoo wala mifuko, ni neno la Kigiriki lenye maana ya kufinyanga. Huyu daktari ni mfinyanzi, ila udongo wake ni mwili wa mgonjwa mwenyewe, ngozi, msuli, mfupa, gegedu, anachukua sehemu ambayo ukipunguza haitaleta hasara kubwa anapeleka sehemu iliyopungukiwa. Tofauti ni kwamba udongo haudai kitu, nyama inadai damu. Daktari niliyeanza naye kazi, kila raundi wanafunzi wakianza kumweleza ukubwa wa kidonda alikuwa anawakatisha, anauliza, damu inatoka wapi? Mwanzo nilidhani ni mkali tu. Baadae nikaelewa kwamba kazi yake yote imo kwenye hilo swali.

Chukua kupandikiza ngozi. Wanakwangua ngozi nyembamba, mara nyingi pajani, wanailaza juu ya kidonda. Ule utando umeshakatwa, hauna mshipa hata mmoja unaoulisha. Siku kama mbili za mwanzo unaishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda chenyewe, halafu vimishipa vya chini na vya ngozi vinaanza kutafutana na kuungana, ikifika siku ya nne ya tano damu inapita. Ndo maana tunafunga bendeji nene na kukwambia usitikise huo mguu, hatukuonei, ngozi ikiteleza kidogo tu au damu ikijikusanya chini yake vile vimishipa vinakatika na ngozi inakufa. Mi mpaka leo nikifungua dresingi ya siku ya tano nabana pumzi. Nalowanisha na maji ya chumvi, nainua gozi (kile kitambaa chepesi cha kufungia kidonda) pole pole kutoka pembeni, mgonjwa ananiangalia mimi usoni, haangalii kidonda, anasubiri aone uso wangu utasema nini. Ikiwa na rangi ya waridi na imeng'ang'ania, imeshika. Ikiwa ya kijivu na inateleza kama karatasi iliyoloa, basi. (Na cha ajabu, wiki za mwanzo mgonjwa atalalamikia paja lilipotolewa ngozi kuliko kidonda chenyewe, maana pale neva zote ziko wazi. Msimwambie anadeka.)

Sasa hiyo njia ina mpaka wake. Ukiilaza ngozi juu ya mfupa mtupu au kano iliyo wazi haishiki, hakuna cha kuilisha. Hapo ndo inabidi uhamishe nyama pamoja na mshipa wake wa damu, madaktari wanaita flepu. Kuna flepu inayobaki imefungamana na mwili upande mmoja, inazungushwa tu inafunika pengo la jirani. Na kuna ile inayokatwa kabisa, inatolewa mguuni inapelekwa tayani mfano, halafu ateri na vena, yaani mshipa unaoleta damu na unaoirudisha, zinaunganishwa upya chini ya hadubini. Mshipa wenyewe una upana wa milimita 2 hivi, uzi wa kushonea ni mwembamba kuliko unywele wako, ukianguka sakafuni hamna wa kuuona. Hii ya kukata na kuunganisha upya sio ya zamani sana, ripoti za kwanza zilizofanikiwa ni za mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Naandika kwa simu, nitaendelea chini.

#2 Mchangiaji

Nimekaa pale mkuu. Swali moja tu, kwa nini wasichukue ngozi ya mtu mwingine, mama au kaka wa mgonjwa, kuliko kumkwangua aliyekwisha umia?

#3 Mleta uzi

Swali zuri sana ndugu yangu. Mwili unajua cha kwake. Ngozi ya mtu mwingine, hata mama mzazi, itakaa siku kadhaa halafu kinga ya mwili itaishambulia itabanduka. Aliyeungua sehemu kubwa sana ya mwili anaweza kufunikwa na ngozi ya marehemu, lakini kama kifuniko cha muda tu, kuzuia maji yasipotee na vijidudu visiingie, wakati wanasubiri ngozi yake mwenyewe ipone ikwanguliwe tena. Paja linarudisha ngozi ya juu ndani ya wiki mbili hivi kwa hiyo wanaweza kuvuna pale pale tena.

Mapacha waliotoka yai moja ndo tofauti, na hapa kuna kisa nakipenda mno. Joseph Murray wa Marekani wakati wa vita ya pili ya dunia alikuwa anahudumia askari walioungua, akawa anajiuliza hilo hilo swali lako, kwa nini ngozi ya mtu mwingine inakataliwa na mwili. Mwaka 1954 huko Boston akafanya upandikizaji wa figo wa kwanza duniani uliofanikiwa, kutoka kwa pacha kwenda kwa pacha, na kabla ya hapo walijaribu kwanza kipande cha ngozi kati yao kuona kama mwili utakikubali. 1990 akapewa Nobel. Daktari wa plastiki sajari huyo! Kila mtu mwenye figo ya kupandikizwa leo ana deni kwenye maswali ya wodi ya walioungua.

#4 Mleta uzi (naendelea)

Niwape usiku mmoja tu muone.

Baba mmoja, uvimbe wa taya, sio saratani ila ulikuwa umekula mfupa wa taya la chini karibu upande wote. Wameutoa. Sasa bila taya ulimi hauna pa kushikia, mate yanamwagika, kula shida, kuongea shida. Wakachukua ule mfupa mwembamba wa pembeni mwa mguu, unaokaa sambamba na muundi. Watu wakisikia hivyo wanaogopa, atatembeaje? Anatembea, uzito wa mwili unabebwa na muundi, na wanaacha kipande cha chini ili kifundo kisilegee. Ule mfupa unakatwa vipande, unakunjwa kufuata umbo la taya, unafungwa na bati na skrubu, kisha mishipa yake inaunganishwa na ya shingoni. Waliingia asubuhi wakatoka usiku.

Zamu ikawa yangu. Kila saa moja namulika tochi mdomoni, kuna kipande cha ngozi kimekuja na ule mfupa kimeshonewa ndani, hicho ndo dirisha langu. Nabonyeza kwa kidole, panakuwa peupe, nahesabu rangi irudi, kama sekunde mbili. Naweka kile kifaa cha kusikilizia, mshipa unasema shwaa, shwaa, shwaa. Saa tisa usiku nabonyeza, rangi inarudi chap, haraka kuliko kawaida. Mtu asiyejua angefurahi. Lakini ngozi imevimba kidogo na ina uzambarau kwa mbali. Nikatoboa kwa sindano, damu imetoka nyeusi tii. Maana yake damu inaingia ila haitoki, vena imeziba. Nikapiga simu, daktari hata hakuuliza maswali mengi, akasema andaa thieta. Walikuta donge la damu pale pale walipounganisha, wakakata, wakasafisha, wakaunganisha tena. Tungengoja asubuhi ya raundi, kazi ya siku nzima na mfupa wa mguu wa yule baba vingeoza.

Ndo maana nachukia sana nikisikia mtu anasema nesi wa usiku kazi yake kulala.

Na mkisikia kuna hospitali inatumia ruba msishangae. Ikiwa vena haiungiki, mfano kidole au sikio lililorudishiwa, ruba wa kufugwa wa hospitali anawekwa anafyonza ile damu iliyotuama, na mate yake yana kitu kinachozuia damu kuganda kwa hiyo hata akidondoka pale palipong'atwa panaendelea kuchuruzika masaa. Siku chache vimishipa vipya vinaota vinachukua kazi. Mgonjwa anapewa antibayotiki maana ruba ana bakteria wake. Mi nilimshika wa kwanza mikono ikitetemeka.

#5 Mchangiaji

Dada samahani, mimi dada yangu ametolewa titi, saratani. Ameambiwa linaweza kutengenezwa jingine ila sisi nyumbani tunaogopa, tunasikia likitengenezwa ugonjwa utajificha mle ndani. Na wengine wanamwambia kwa umri wake la nini tena.

#6 Mleta uzi

Pole sana wewe na dada. Kwanza hilo la umri, naomba sana mliache. Nimemhudumia mama mwenye wajukuu, siku ya kufungua alipotoa gauni la wodi hakutaka kioo, aliinama akaangalia kifua chake kwa juu vile anavyokiangalia mwenyewe akivaa, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akaniomba sidiria yake ya zamani kwenye mkoba ajaribu. Sikumuuliza la nini.

Kuhusu kujificha, utafiti wa miaka mingi unaonyesha kutengeneza titi hakurudishi saratani wala hakuleti nafasi kubwa ya kurudi, na ufuatiliaji kliniki unaendelea kama kawaida. Muhimu daktari wa saratani na wa plastiki wakae meza moja kupanga, hasa kama atapigwa mionzi, maana mionzi inakakamaza ngozi na kile kifuko cha silikoni wanachoweka kujaza titi mara nyingi hakielewani nayo vizuri. Njia nyingine ni kutumia nyama yake mwenyewe, ngozi na mafuta ya chini ya kitovu yanahamishwa na mishipa yake, msuli wa tumbo unaachwa, au msuli wa mgongoni unazungushwa kuja mbele. Inaweza kufanyika siku ile ile titi linapotolewa au hata miaka baadae, hajachelewa.

Ila aambiwe ukweli wote. Hisia hazirudi kama zamani, pengine atagusa asihisi. Chuchu ni hatua nyingine, wengine wanachorwa tatuu. Inaweza kuchukua operesheni mbili tatu. Na akiamua hataki, kifua kibaki hivyo hivyo, hilo nalo ni jibu kamili, asisukumwe na mtu, wala nyie wala sisi.

Kama anavuta sigara aache wiki nne kabla na asirudie akiwa anapona. Nikotini inabana vimishipa. Turudi pale pale, damu.

#7 Mchangiaji

Mimi sio mtu wa kuandika sana humu ila huu uzi umenigusa. Niliungua na maji ya moto nikiwa na miaka mitano, shingo na kifua, nyumbani walinipaka dawa ya meno halafu baadae vitu vingi vingi, kidonda kilikauka mwaka mzima baadae lakini kidevu kikawa kimeshikana na kifua, yaani mpaka leo nina miaka 31 siwezi kuangalia juu, nikitaka kuona kitu juu nageuza mwili wote, mdomo wa chini umevutwa haufungi vizuri, shuleni nilikuwa nakaa nyuma. Nilishaambiwa na mtu kwamba kovu likishakuwa la zamani halishughulikiwi tena. Ni kweli?

#8 Mleta uzi

Sio kweli. Nakujibu kirefu, ngoja nitoke zamu.

#9 Mchangiaji

Wakati tunamsubiri, hii kazi ilianza lini? Nilijua ni mambo ya juzi.

#10 Mleta uzi

Ni ya kale sana. Wahindi walikuwa wanatengeneza pua zilizokatwa kwa kutumia ngozi ya uso tangu zama za Sushruta, mganga wao wa kale, na ile ya kuteremsha ngozi ya paji la uso, jarida moja la Uingereza liliiandika mwaka 1794, madaktari wa Ulaya ndo wakajifunza kutoka huko. Mpaka leo pua iliyoliwa na saratani inatengenezwa kwa ngozi ya paji la uso, wazo ni lile lile. Naye Tagliacozzi, daktari wa Bologna, Italia, alichapisha kitabu 1597, alikuwa anashonea ngozi ya mkono puani, mgonjwa anakaa mkono umefungwa kichwani wiki kadhaa mpaka ishike ndo anaitenganisha na mkono.

Kilichoisukuma mbele ni vita. Vita ya kwanza ya dunia, daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, pale Sidcup Uingereza kuanzia 1917 alipokea maelfu ya askari waliovunjwa nyuso na risasi na mabomu. Vita ya pili binamu yake Archibald McIndoe, daktari naye, akawa na marubani walioungua, huko East Grinstead, yeye aliona walioangukia baharini wanapona vizuri zaidi akaanza kuwaogesha maji ya chumvi. Na hakuishia kwenye ngozi, aliwatoa wodini wakiwa bado hawajamaliza operesheni, akawaomba wenyeji wa mji wawapokee bila kuwakodolea macho. Hilo mi nalihesabu kuwa sehemu ya tiba, tena kubwa.

#11 Mleta uzi

Nimerudi. Ndugu yangu wa #7.

Kwanza ujue kilichotokea sio uzembe wako wala laana. Kidonda cha moto kikiachwa kijifunge chenyewe, kinajifunga kwa kujivuta. Ile nyama ya kovu ina chembe zinazokaza kama kamba inayolowa maji. Na mgonjwa anakaa mkao usiomuuma, kichwa kimeinama, kiwiko kimekunjwa, sasa mkao wa raha ndo mkao kovu linakoganda. Mtoto anakua, mifupa inarefuka, kovu halirefuki.

Likishakuwa la zamani halikatazi operesheni, tena kovu lililokomaa na kutulia ni rahisi kulipanga kuliko bichi. Wanalikata pale linapobana mpaka kichwa kinyooke, hapo utashangaa pengo linalofunguka, mgonjwa anakuwa na kovu la vidole vitatu ukikata unapata kidonda cha kiganja kizima, maana ngozi iliyokosekana miaka yote ndo inajionyesha. Lile pengo linajazwa ngozi nene au flepu. Kovu likiwa ni mstari mmoja tu unaobana, wanakata mfano wa herufi Z, pembetatu mbili zinabadilishana nafasi na mstari unarefuka, ni hesabu nzuri sana kuitazama ikifanyika. Nikuambie na ugumu wake, kwa shingo kama yako mtu wa nusu kaputi ana kazi kuliko mpasuaji, kwa sababu kupitisha mpira wa hewa kooni wakati kichwa hakirudi nyuma ni hatari, kwa hiyo nenda sehemu yenye timu kamili na waulize hilo waziwazi.

Na operesheni ni nusu. Nusu nyingine ni yako. Utavaa koli ya shingo miezi, usiku na mchana, utavaa nguo ya kubana kovu karibu masaa 23 kwa siku kwa muda mrefu, utafanya mazoezi hata yakiuma. Nimeona kazi safi kabisa ya thieta ikarudi kukunjamana kwa sababu koli iliwekwa juu ya kabati. Daktari analia, mgonjwa analia.

Jingine, na hili ni kwa wote wenye makovu ya zamani ya moto. Likitokea donda kwenye kovu halafu haliponi, linatoa harufu au linaota kingo ngumu, usikae nalo, lipimwe. Kovu sugu linaweza kugeuka saratani baada ya miaka mingi.

Wazazi, maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, hata kama yamepita masaa mawili tangu aungue bado yanasaidia. Sio barafu, sio dawa ya meno. Funika na kitu safi, nenda hospitali.

#12 Mchangiaji

Mkuu mtu akikatika kidole kazini kweli kinarudi?

#13 Mleta uzi

Kinaweza. Funga kidole kwenye gozi au kitambaa safi chenye unyevu, tia kwenye mfuko usiopitisha maji, huo mfuko ndo uuweke kwenye maji yenye barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja, kitaungua na baridi. Kidole hakina msuli kwa hiyo kinavumilia masaa mengi kikiwa na ubaridi, mkono mzima hauvumilii, masaa kama sita tu. Neva ikiunganishwa inaota kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo hisia ni miezi. Hakitakuwa kama mwanzo. Hakuna kinachokuwa kama mwanzo kwenye kazi hii na daktari anayekuahidi hivyo mkimbie, kovu linahamishwa, linafichwa, linalainishwa, halifutwi.

#14 Mchangiaji (wa #7)

Nimesoma mara tatu. Nimepiga simu leo nimepangiwa kuonwa mwezi ujao. Nauliza kitu kidogo, siku hiyo niende na nini?

#15 Mleta uzi

Nimefurahi mno hadi nimesimama hapa wodini. Nenda na picha zako za utotoni kabla hujaungua kama zipo, na za miaka ya kati, zinawasaidia kuona kovu lilivyokwenda. Andika dawa zote unazotumia. Waambie kama una makovu mengine yaliyovimba kuzidi kidonda, ya sindano au kutoboa masikio, maana ngozi yenye keloidi inapangiwa tofauti. Waonyeshe mapaja na tumbo wachague ngozi itoke wapi, usione aibu. Nenda na mtu mmoja wa kusikiliza na wewe, hofu inafanya masikio yasishike.

Na ukishapangiwa siku ya kulazwa, beba mashati ya vifungo mbele tu. Ukitoka shingo itakuwa imenyooka na koli juu yake, fulana ya kupitishia kichwani haitaingia.